Sikula Kitu, Sukari Imetoka Wapi?

Maswali ya wasomaji, yanajibiwa na tabibu mstaafu wa Lamu

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja: sukari ya damu. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa kuwa atakayelielewa jibu lake atakuwa ameshaelewa nusu ya yale yanayofuata.

"Assalaam aleikum, Mama Tabibu. Mimi ni muuza halua hapa Langoni, nina miaka 58. Mwaka jana niliambiwa nina ugonjwa wa sukari, na ninatumia metformini asubuhi. Juzi nilikula mapema chakula cha usiku, sima kidogo, samaki wa kuchoma na mchicha, kisha sikutia kitu mdomoni isipokuwa maji. Saa nne kabla ya kulala nilijipima nikapata 6.8. Alfajiri, hata chai sijaionja, mashine ikaonyesha 8.9. Mke wangu anasema niliamka usiku nikaramba halua. Wallahi sikuramba. Nikarudia usiku uliofuata, mambo yakawa yale yale. Sikula kitu, sukari imetoka wapi? Na je, nikiacha kabisa kula usiku itashuka?"

Waaleikum salaam, kaka yangu. Mwambie wifi yangu akuamini. Sukari hiyo haikupitia mdomoni. Imetoka kwenye ini lako mwenyewe, na ingetoka hata kama nyumba nzima haina chembe ya kitu kitamu.

Tufanye hesabu, maana wewe ni mtu wa mizani. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Kwa asiye na ugonjwa, kabla ya kula, kila lita huwa na sukari karibu gramu 1 tu. Ndiyo ile ambayo mashine zetu huiandika 5 na pointi. Basi damu yote ya mwilini ina gramu 5 za sukari, kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake hutumia karibu gramu 5 kwa saa, nao haulali unapolala wewe. Ulijipima saa nne usiku. Kama hakuna kitu kinachoongeza sukari ndani ya damu, kufikia saa tano au saa sita akiba hiyo ingekuwa imekwisha, na binadamu hawezi kuishi hivyo.

Anayeongeza ni ini. Chakula kikishasagwa, mshipa unaobeba sukari kutoka kwenye utumbo hauendi moja kwa moja moyoni. Hupita kwanza kwenye ini. Ini huchukua sehemu yake, huziunganisha chembe za glukosi ziwe kitu kimoja kinachoitwa glaikojeni, na hukiweka. Kwa mtu aliyeshiba, akiba hiyo hufika kama gramu 100. Misuli nayo huweka, hata gramu 400, lakini inachoweka hukitumia yenyewe na haikirudishi kwenye damu. Ini ndilo linalotoa kwa ajili ya wote. Na akiba ikianza kupungua, hutengeneza sukari mpya kwa vitu ambavyo si sukari: vipande vya protini, asidi inayotoka kwenye misuli iliyofanya kazi, na sehemu ya mafuta. Ndiyo maana mtu mzima wa afya anaweza kukaa siku nzima bila kula na bado sukari yake isianguke.

Jambo hili liliwashangaza hata mabingwa. Katika karne ya 19 watu wa elimu waliamini kwamba sukari iliyomo mwilini hutoka kwenye mimea iliyoliwa, basi. Claude Bernard wa Ufaransa akawalisha mbwa nyama tupu, na bado akaikuta sukari katika damu inayotoka kwenye ini lao. Mwaka 1857 akafaulu kuitenga glaikojeni yenyewe. Swali lililomshughulisha bwana yule miaka mingi ndilo ulilouliza wewe.

Sasa, ni nani anayeliambia ini lini litoe na lini liache? Nyuma ya tumbo lipo kongosho, urefu wake hauzidi shibiri. Ndani yake yametawanyika mafungu madogo ya seli, kama milioni moja hivi, aliyoyaona kwanza Paul Langerhans huko Berlin mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi. Katika mafungu hayo, seli za beta hutoa insulini na seli za alfa hutoa glukagoni. Wagonjwa wengi wamefundishwa kwamba kazi ya insulini ni kufungulia misuli ipokee sukari. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari, na nusu inayosahauliwa ndiyo inayokuhusu wewe. Insulini inayotoka kwenye kongosho hufika kwenye ini kabla ya kufika popote pengine, na ujumbe wake ni: acha kutoa, weka. Sukari ikishuka, insulini hupungua, glukagoni huongezeka, na ini hutoa tena. Mashauriano haya hayakatiki, mchana wala usiku. Insulini ikishaingia kwenye damu, nusu yake huwa imeondoka ndani ya dakika chache tu, ili amri ya zamani isizuie amri mpya.

Kwako wewe, insulini ipo lakini ini haliitii kama zamani. Na zile seli za alfa zinaendelea kumwaga glukagoni wakati zilipotakiwa kunyamaza. Kisha tia na alfajiri. Kuanzia saa tisa usiku hivi mwili hujiandaa kuamka: homoni iitwayo kotisoli hupanda, homoni ya ukuaji iliyotoka usiku nayo bado inafanya kazi, na zote mbili huvuta upande wa kuongeza sukari. Kijana asiye na ugonjwa, kongosho lake huongeza insulini kidogo na mashine haioni kitu. Kongosho lako limechoka, basi 6.8 ikawa 8.9 nawe umelala usingizi wako wa halali.

Kuacha kula usiku hakutakusaidia. Ini litatoa vile vile, pengine zaidi, nawe utaamka na njaa ya kukupeleka kwenye mahamri manne na mbaazi za nazi. Kula mapema kama ulivyofanya, chakula chenye samaki na mboga nyingi kuliko sima, kisha baada ya isha tembea ukingoni mwa bahari nusu saa. Msuli unaofanya kazi huchukua sukari bila hata kungoja insulini, na faida hiyo huendelea saa kadhaa baada ya kupumzika. Mji wetu hauna magari. Wenye miguu mizima tuna bahati ambayo watu wa miji mikubwa hawana.

La pili, dawa yako. Metformini kazi yake kubwa iko pale pale kwenye ini, kulipunguzia kasi ya kutoa sukari. Muulize anayekutibu kama inafaa uitumie pia na chakula cha usiku. Usijiongezee mwenyewe. Nenda na daftari: kwa siku tatu au nne andika kipimo cha kulala, cha saa nane usiku, na cha kuamka. Ikiwa saa nane iko chini ya 4, hiyo ni habari nyingine kabisa na matibabu yake ni mengine. Walio wengi wenye ugonjwa huu huelekezwa wawe kati ya 4.4 na 7.2 wanapoamka, na kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kitaeleza zaidi kuliko asubuhi moja.

Na jambo dogo kwa mtu wa kazi yako: osha mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kuchoma kidole. Halua iliyobaki kwenye ngozi, hata isiyoonekana, hupandisha kipimo. Sidhani ndiyo iliyokupata alfajiri, lakini mchana dukani itakudanganya.

"Shikamoo, Mama. Mimi ni mvuvi wa Kizingitini. Asubuhi kabla ya kwenda baharini humeza kidonge cha glibenklamaidi kwa kahawa chungu. Mara kadhaa, ikikaribia adhuhuri, nimeshikwa na tetemeko, jasho, moyo kwenda mbio, na siku moja nikawa nasema maneno yasiyoeleweka. Wenzangu wakanisomea, wakadhani ni upepo mbaya. Nikishakula natulia. Hii ni sukari kupanda?"

Marahaba, mwanangu. Haikupanda. Ilishuka, na ilishuka vibaya. Barua yako nimeisoma kwa wasiwasi, kwa sababu ulikuwa juu ya maji.

Wewe unajua usukani. Chombo hakiendi sawa kwa kuushikilia mahali pamoja. Nahodha huupeleka kidogo huku na kidogo huku kila wimbi linapopiga. Kongosho lisilo na dawa hufanya hivyo. Sukari ikishuka kuelekea 4.5 hupunguza insulini. Ikifika chini kidogo ya 4, glukagoni hutoka kulichochea ini, na adrenalini, homoni ya hatari, hutoka pamoja nayo. Kidonge chako kimeufunga usukani upande mmoja. Kinalilazimisha kongosho kutoa insulini hata pale ambapo sukari imekwisha kushuka, na kinaendelea hivyo saa nyingi. Juu yake hukula kitu, ukavuta nyavu asubuhi nzima, na misuli ikanywa sukari yote iliyokuwapo. Ini lilitaka kutoa, insulini ikalizuia.

Lile tetemeko, jasho na moyo kwenda mbio ni adrenalini. Ni mwili unaopiga kelele ukingali na nguvu. Maneno yasiyoeleweka ni hatua ya mbele, ubongo wenyewe umekosa chakula. Hapo kwa kawaida sukari imefika 3 au chini yake. Baada ya hapo ni kuzimia au kifafa, na ukianguka baharini hatutakuwa na cha kujibu kwa mama yako.

Kusomewa ni jambo jema, na halizuii kijiko cha sukari. Weka ndani ya chombo kopo lisiloingia maji lenye sukari ya kawaida. Dalili zikianza, vijiko vitatu vya chai katika maji kidogo, unywe papo hapo. Au nusu chupa ndogo ya soda, ile yenye sukari hasa. Ngoja dakika 15. Kama hujatulia, rudia. Ukitulia, kula boflo au wali, kwa sababu kidonge bado kinafanya kazi na sukari itashuka tena. Halua na karanga si za wakati huo. Mafuta yaliyomo huichelewesha sukari tumboni. Waeleze wenzako haya yote kabla ya safari nyingine. Wakikukuta umezimia wasikutie kitu mdomoni, utapaliwa. Wakulaze ubavu na chombo kirudi pwani.

Kisha rudi kliniki wiki hii, si mwezi ujao. Eleza saa za kazi yako. Kidonge hiki na asubuhi bila chakula havipatani, na ziko dawa nyingine ambazo hazishushi namna hii. Mpaka utakapoonwa, usikimeze bila kula chakula kamili.

"Mama Tabibu, naandika kutoka Matondoni. Binti yangu wa miaka tisa ana kiu isiyokwisha, anaamka usiku mara nyingi kukojoa, anakula lakini amekonda nguo zinamvuka. Nimeona sisimizi wamejaa pale anapokojoa uani. Jirani ananiambia ni minyoo, mwingine anasema ni kijicho. Nimpe dawa gani?"

Barua hii sikungoja gazeti kuijibu. Nilimpigia mama huyo siku ile ile nikamwambia ambebe mtoto hospitali kabla jua halijatua, na alikwenda. Nimeomba idhini yake kuichapisha kwa sababu najua yuko mama mwingine anayeona sisimizi na hajaambiwa maana yake.

Figo huchuja sukari yote ya damu kisha huirudisha, haimwagi. Lakini ina kikomo. Sukari ikipita kama 10, figo haiwezi kuirudisha yote, inayobaki huenda na mkojo, na huvuta maji kuondoka nayo. Ndiyo mkojo mwingi, ndiyo kiu, na ndiyo sisimizi. Waganga wa Bara Hindi waliwaona sisimizi hao na kuuandika ugonjwa huu zamani sana, kabla ya mashine yoyote.

Kwa mtoto huyu tatizo si ini kutosikia. Kinga ya mwili wake imeziharibu seli za beta, insulini karibu haipo kabisa. Basi hakuna wa kuliambia ini liache. Linatoa sukari usiku na mchana, huku misuli ikifa njaa katikati ya neema. Mwili unageukia mafuta, unayachoma kwa haraka, na mabaki yake ni asidi inayotia damu sumu. Mkiona mtoto wa namna hii ameanza kutapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa nguvu na kwa kina, au mdomo wake unanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, hamna nafasi ya kungoja asubuhi. Tafuteni mashua usiku huo huo.

Hakutendewa kijicho, na mama hakumlisha vibaya. Naandika hili kwa herufi nzito moyoni mwangu, maana akina mama hawa hulaumiwa na ukoo mzima.

Mama aliniuliza jambo moja kwa simu: kweli sindano ya insulini ukiianza huachi? Kweli, mtoto huyu hataacha, kwa sababu anarudishiwa kitu ambacho mwili wake hautengenezi tena. Wenye hofu ya sindano wajue hali ilivyokuwa kabla yake. Mwaka 1889 Oskar Minkowski na Joseph von Mering, wakiwa Strasbourg, walimtoa mbwa kongosho, na mbwa akapata ugonjwa wa sukari. Hapo ndipo ilipojulikana chanzo kiko wapi. Lakini ilipita miaka zaidi ya 30 bila tiba, na watoto wenye ugonjwa huu walikuwa wakifa, wengi wao baada ya kunyimwa chakula ili waishi miezi michache zaidi. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya John Macleod huko Toronto, Kanada, walipata maji ya kongosho yaliyoshusha sukari ya mbwa. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa. Sindano ya kwanza haikumfaa, dawa ilikuwa chafu. James Collip akaisafisha, akachomwa tena siku 12 baadaye, na sukari yake ikashuka. Aliishi miaka mingine 13. Haki ya ugunduzi waliiuza kwa chuo kikuu chao kwa dola 1, ili dawa isiwe ya matajiri. Kila ninapofikiria bei ambayo wazazi wetu hulipa leo, nakumbuka dola hiyo na moyo unaniuma.

Mambo mawili ya nyumbani. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8. Aliyekosa friji awaombe jirani au zahanati wamwekee. Chupa inayotumika inaweza kukaa nje wiki nne hivi, mradi joto lisipite nyuzi 25 hadi 30, na kaskazi yetu hupita. Chukueni mtungi wa udongo, utieni maji kidogo chini au mchanga wenye unyevu, insulini ikae ndani ya mfuko usioingia maji, na mtungi uwe kivulini penye upepo. Barafu ya wavuvi msiiweke kugusana nayo. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka.

La pili ndilo linalonitia hofu zaidi. Baada ya wiki chache za matibabu, seli chache zilizosalia hupata nafuu na mahitaji ya insulini hushuka, wakati mwingine sana. Mtoto ananawiri, anacheza, sukari iko chini. Hapo ndipo watu husema amepona, tumpe kombe na mitishamba, sindano ituwachie. Kombe anyweni akipenda, lakini sindano msiiache hata siku moja. Dozi hupunguzwa na anayemtibu. Nafuu hiyo ni ya muda, na mtoto aliyeachishwa insulini hurudishwa hospitali akiwa hajitambui.

"Mama, mimi ni mwalimu wa madrasa, Mkomani. Nina miaka 61, natumia metformini peke yake. Ramadhani naweza kufunga? Na kujichoma kidole mchana si kufungua?"

Maalim, mtu wa metformini peke yake, sukari yake ikiwa imetulia na figo ni nzima, kwa kawaida anaweza. Dawa hii peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Saa za kuimeza ndizo zitakazobadilika, futari na daku. Mchana ini lako litakutunza kama lilivyokutunza kila usiku wa maisha yako. Ucheleweshe daku, na daku iwe ya mbaazi au kunde, mayai au samaki, si chai na mkate wa mayai. Futari anza kwa tende moja au mbili na maji. Tatizo la wengi si saa za kufunga, ni saa ya kufungua: uji wa sukari, kaimati zilizotiwa shira, tambi na juisi ya embe kwa pamoja, na ini lenye ukaidi likaletewa mzigo wote kwa nusu saa.

Kuhusu kidole, masheikh wengi wamekwisha sema kwamba tone la damu la kipimo halifunguzi. Wewe una elimu hiyo kuliko mimi. Jipime mchana. Ikiwa chini ya 3.9 au ikipita 16.6, fungua, saa yoyote iwayo, hata ikiwa imebaki dakika kumi kwa magharibi. Ruhusa ya mgonjwa haikuletwa na matabibu. Wanaotumia insulini au kidonge cha yule mvuvi, wajawazito wenye sukari, na wenye figo dhaifu, hawa wafike kliniki mwezi wa Rajabu au Shaabani, wasije tarehe mosi.

"Mimi ni mwanafunzi, Mokowe. Bibi yangu ana ugonjwa wa sukari. Ameacha sukari kwenye chai, anatia asali vijiko viwili vikubwa kwa kuwa asali ni dawa na haina madhara. Je, ni kweli? Na dafu?"

Mwanangu, bibi anaheshimiwa na asali inaheshimiwa, lakini karibu asilimia 80 ya asali ni sukari. Vijiko viwili vikubwa ni zaidi ya gramu 30, zaidi ya vijiko sita vya chai vya sukari aliyoiacha. Damu haiulizi imetoka kwa nyuki au kwa miwa. Usimkemee, kaa naye, mpimeni kabla ya chai hiyo na saa mbili baadaye, aone mwenyewe. Dafu lina sukari ndogo kuliko soda, anaweza kunywa nusu mara moja moja na alihesabu. Chai ya tangawizi, iliki na mdalasini hunukia vizuri hata bila utamu, na ulimi hulizoea hilo baada ya wiki mbili tatu.